Kichaka cha Wageni

Isevya, Tabora
14 Novemba 2024

Kwa Baba Ngollo,

Shikamoo.

Mimi ni Maua, binti wa marehemu Mfaume fundi cherehani. Barua yako ya pole niliipata mwezi Machi kwa mkono wa Fikiri, kondakta wa basi la Mpanda, na hadi leo nilikuwa sijaijibu. Naomba radhi. Kila nilipoikunjua niliikunja tena. Uliuliza Baba aliugua nini, amezikwa wapi, na kwa nini hukupewa habari mpaka mwezi mzima ukapita. Amelala hapa hapa mjini, kando ya Mama. Hayo mengine yalikwenda haraka, baba yangu, na mimi nilikuwa peke yangu.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu najua simu yako haishiki mpaka upande kichuguu, na kwa sababu ninyi wawili mliandikiana miaka kumi na tisa. Barua zako zote nimezikuta kwenye sanduku la vitambaa, amezifunga kwa futi ya kupimia nguo. Chini yake yalikuwepo madaftari yake ya ndege.

Nilipokuwa mdogo niliyachukia madaftari hayo. Wewe unajua Januari ya fundi wa sare ilivyo. Shule zinafunguliwa, mji mzima unataka kaptura na sketi, na baba yangu anavaa darubini shingoni anapanda basi kwenda Ipole kutazama ndege siku kumi. Mama alikuwa akiwaambia wateja, "Fundi amekwenda kupokea wageni." Wengine walimwelewa vibaya, wakawa wanatuletea sukari.

Wiki iliyopita nimeyasoma yote. Sikiliza hili la mwaka 2014: "Kichaka cha Ngollo, saa moja asubuhi, manyunyu. Wale wadogo wa kijani kumi na sita. Huko watokako sasa hivi maji yameganda mitoni. Mmoja anaimba kana kwamba yuko kwao." Nilikaa na daftari hilo mpaka mteja akagonga meza.

Nataka kukiona hicho kichaka. Januari nitafunga duka siku mbili nije. Naomba unijibu kama nitapata pa kulala.

Binti yako,
Maua Mfaume

*

Ipole
29 Novemba 2024

Binti yangu Maua,

Marahaba. Nilipoona bahasha nilidhani ni mwandiko wake. Ile M yako ni ya kwake kabisa, miguu imekaa kama ya mtu anayekanyaga cherehani.

Pa kulala pako ni hapa kwangu. Mke wangu Kabula ameniambia nikuandikie hivyo kabla sijaandika lolote.

Sijui kama aliwahi kukuhadithia tulivyoanza. Alikuja mtafiti kutoka Ulaya kuwavisha ndege pete miguuni, akafikia kwangu kwa sababu ya kile kichaka. Alihitaji mifuko laini ya kuwawekea ndege wasiumie, akaagiza kwa fundi wa Tabora. Fundi akaileta mwenyewe, mifuko thelathini. Yule mtafiti akamwekea ndege mmoja mkononi. Uzito wake ni kama vifungo vya shati moja. Mfaume akauliza, "Huyu katoka wapi?" Akaambiwa, kaskazini kabisa ya dunia, kwenye theluji, anakuja huku kukimbia baridi na njaa, na mwakani atarudi kwenye mti huu huu. Mfaume akanigeukia, akasema, "Ngollo, misafara ya zamani ilipita Tabora na wapagazi mia wakapotea njia. Huyu anakuja peke yake na hapotei." Mtafiti alikaa wiki mbili akaondoka, ila baba yako ndiye hakuondoka tena.

Wageni wamefika. Mvua ya kwanza ilipiga Jumanne, kumbikumbi wakatoka, na kichaka kikajaa. Nimehesabu arobaini na wawili. Wale wa kijani wako juu kwenye majani, na yule wa kijivu anayependa tawi kavu ameketi pale pale pake.

Lakini Januari usije, mwanangu. Lami inafika Ipole, ndiyo, ila kwangu ni ng'ambo ya korongo, na korongo mwezi huo hujaa. Subiri kiangazi.

Nina swali moja nimelibeba tangu Machi. Siku zake za mwisho, aliwahi kunitaja?

Wako,
Ngollo

*

Isevya
8 Desemba 2024

Baba Ngollo, shikamoo.

Arobaini na wawili! Nimefungua ukurasa mpya katika daftari la Baba nikaandika: Kichaka cha Ngollo, Novemba 2024, arobaini na wawili. Nilipomaliza nikaona mwandiko wangu chini ya wake, nikalia kidogo.

Kuhusu swali lako: siku za mwisho hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akilala sana. Usijitese nalo.

Nikuambie na hili usije ukalisikia kwa wengine. Baba mkubwa Sabiri, kaka yake, huwa anauliza mbona rafiki wa Ipole hakuonekana wakati wa ugonjwa wala mazishini. Nimemwambia ni ubovu wa njia. Wazee wa hapa ukiwajua, wakishika jambo hawaliachii.

Kiangazi sitakuja. Kiangazi hao ndege watakuwa wamerudi kwao, umesahau? Korongo nitalivuka.

Maua

*

Ipole
20 Desemba 2024

Binti yangu Maua,

Marahaba. Ile hesabu yangu usiiandike kwa wino. Macho yangu ya uzee, na asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Daftari la Mfaume halikuwa na hesabu za kukisia, nisingependa zianzie kwangu.

Na Januari hii nakuomba kwa mara nyingine usije. Nyuki wangu wamekuwa wakali, wamemuuma mgeni wa jirani mpaka akapelekwa zahanati. Korongo ndilo hilo nililokwambia. Tena wageni hao hao unao karibu. Nenda Kipalapala, pale seminari, kwenye miti yao na mashamba yanayozunguka. Baba yako alikuwa akienda huko akipata nafasi ya Jumapili. Ukiwaona pale umewaona wangu.

Mwambie kaka yake kwamba nina hatia kwa kutokuja. Asitafute sababu nyingine.

Ngollo

*

Isevya
5 Januari 2025

Baba Ngollo, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Nilikwenda Kipalapala jana. Nilishuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, majani yana maji, viatu vikalowa hadi soksi. Kwa saa nzima sikuona chochote. Nilikuwa nazungusha darubini kama mtu anayetafuta redio. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi akaniuliza, "Dada, umepoteza nini?"

"Natafuta ndege."

"Wa kula?"

"Wa kutazama. Wanatoka Ulaya."

Akanitazama vizuri. "Hao wanaodonoadonoa wadudu kwenye majani? Mbona wapo hapo juu yako."

Na kweli walikuwepo. Kijani kilichochujuka, kifua cha manjano kidogo, wembamba kama majani yenyewe, hawatulii hata sekunde. Halafu mmoja akaimba. Wimbo unaanza juu, unateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi akiwa na usingizi, na ngazi ya mwisho huisikii tena. Baba Ngollo, nilisimama pale na nikamwelewa baba yangu kwa mara ya kwanza, na yeye hayupo. Sijui jambo kama hilo linaitwaje.

Yule mama, jina lake Theodora, alinipa embe akasema nije tena.

Kwa hiyo nakuja. Tarehe 19 ni mwaka mmoja tangu atutoke. Nataka asubuhi hiyo niwe kwenye kichaka chake. Nitapanda basi la Jumamosi tarehe 18. Fikiri amesema anapita Ipole kila siku na hilo korongo lako hajawahi kusikia limemzuia mtu zaidi ya siku moja.

Maua

*

Isevya
20 Januari 2025

Ngollo,

Sijui nikusalimu vipi, kwa hiyo sikusalimu.

Nilifika Jumamosi saa saba mchana. Korongo lilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Mkeo alikuwa uani anaanika uyoga. Akanipokea kwa mikono miwili na salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka, mwanangu, mwangaluka," akanibebea mkoba. Nikauliza, "Baba yuko wapi?" Akasema umekwenda porini kwenye mizinga tangu alfajiri ya Ijumaa. Nikasema, "Alijua nakuja." Mama Kabula akainamisha kichwa. "Alijua. Ndiyo maana amekwenda."

Sikuelewa. Nikamwomba anionyeshe kichaka nikusubiri huko. Akavua khanga ya kiunoni, akaifunga upya, akaivua tena. Kisha akasema, "Twende. Mimi nimechoka kukaa na jambo hili."

Nilihesabu mwenyewe, na kwa wino. Visiki thelathini na kimoja. Vingine vimechipua mpaka magotini pangu. Katikati umepanda mahindi. Nilimuuliza mama ilikuwa lini, akasema Februari ya mwaka juzi, wakati wa kukausha tumbaku. Mwaka juzi! Baba alikuwa hai. Novemba ya mwaka juzi huo huo ulimwandikia barua, ninayo hapa, inasema "wageni wamejaa mpaka matawi yanainama." Barua hiyo nilimsomea mimi, kitandani. Alinifanya niirudie mara tatu. Alifumba macho akasema, "Wamefika salama."

Nami nikaandika arobaini na wawili chini ya mwandiko wake.

Mama Kabula alinisihi nilale nikusubiri. Alinipikia, na sikula, nalo namwomba yeye anisamehe, si wewe. Nilirudi barabarani nikapata lori mpaka Sikonge. Tarehe 19 asubuhi nilikuwa stendi, nimekaa kwenye benchi na darubini ya baba yangu kwenye mfuko wa plastiki.

Ulikuwa unajificha porini. Mtu mzima, mwenye wajukuu.

Maua Mfaume

*

Ipole
26 Januari 2025

Maua,

Ni kweli, nilijificha. Nilikuwa kwenye mizinga ya mbali, na asali haikuwa tayari. Nilikaa chini ya mti siku mbili nikila viazi vibichi. Niliporudi Kabula hakunifungulia mlango mara moja.

Nitakwambia ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Ile Februari majani ya tumbaku yalikuwa yamekwisha kuning'inizwa ndani ya bani, na moto ulikuwa siku ya tatu. Bani ni kijumba cha kukaushia. Ukishawasha humo, moto hauzimwi siku sita usiku na mchana. Ukipoa katikati, majani yote yanageuka meusi na mwaka wa familia nzima umekwenda. Kuni zangu nilikuwa nimezipanga ng'ambo ya korongo, na mwaka ule korongo lilijaa kweli. Nilisimama ukingoni na mkokoteni, naziona kuni zangu, siwezi kuzifikia. Kutoka kwenye bani mpaka kwenye kichaka ni hatua mia mbili.

Mti wa kwanza niliukata nikimwomba radhi Mfaume kwa sauti, kama mwehu. Wa pili niliukata nikijiambia ndio wa mwisho. Kuanzia wa tatu nilinyamaza. Na wageni walikuwemo, Maua. Ilikuwa Februari, walikuwa bado hawajaondoka. Kila mti ulipoanguka waliruka wakahamia uliofuata, na mimi nikawafuata. Moto wa awamu ile ulikamilika. Lakini ukishaanza kuchukua kuni karibu na mlango hurudi kuzifuata mbali. Hadi Aprili kichaka kilikuwa kimekwisha, na korongo lilikuwa limekauka tangu Machi. Hilo ndilo silitetei. Wiki ya kwanza ilikuwa dharura. Zilizofuata zilikuwa uvivu.

Mwaka ule ndio mwaka wa kwanza baba yako hakuja, kwa ajili ya ugonjwa. Ningemwandikia mara moja yangekuwa ni maneno tu kati ya marafiki. Sikuandika. Novemba akaniuliza, "Wamefika?" Mkono wangu ukaandika ndiyo. Ukishaandika ndiyo lazima uandike na wangapi.

Bado kuna moja, na hili Kabula hajui.

Desemba ile aliniandikia kwamba amepata nafuu na atakuja Jumanne tarehe 16 Januari, hata kwa kubebwa. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Tarehe 16 nilikwenda kumpokea barabarani, nikiwa nimepanga maneno ya kumwambia kabla hajafika nyumbani. Basi likapita, hakushuka. Tarehe 17 nikaenda, hakushuka. Tarehe 18 nikaenda, Fikiri akanipungia mkono mlangoni na basi halikusimama hata kidogo. Na mimi, Maua, nilifurahi. Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Nilisema moyoni, nimeponea, mwaka huu haji.

Mwezi uliofuata Fikiri akaniambia kwamba tarehe 19 ndiyo mlimpoteza.

Siku zote nimejua kuomba radhi kwa ajili ya miti. Kwa ajili ya ule mluzi sijui namna.

Ngollo

*

Isevya
16 Februari 2025

Baba Ngollo,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma siku niliyoipata na nimekaa nayo karibu wiki tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira. Mara ya pili nilifika pale barabarani, tarehe 16, 17, 18, nikashindwa kuendelea. Sasa nikueleze kwa nini.

Nilikwambia hakuwa na maneno mengi. Nilikudanganya. Alikuwa na maneno, na yalikuwa yako.

Tarehe 13 Januari alianguka chooni. Tarehe 14 daktari alituambia figo zimekwisha, tumrudishe nyumbani. Jioni ile alinishika mkono akasema, "Chukua kalamu." Nikaandika alivyosema, ninayo hapa, naiweka ndani ya bahasha hii hii pamoja na barua yangu. Inasema: "Ngollo, mwaka huu sitakuja, usinisubiri barabarani na hilo jua. Njoo wewe. Njoo haraka kidogo. Nataka tuzungumze kabla sijaishiwa pumzi. Mfaume." Akaniambia nimpe Fikiri asubuhi, basi la saa nne.

Sikumpa.

Asubuhi nilisimama stendi, Fikiri akaninyooshea mkono apokee, nikamwambia nimekuja kumsindikiza mtu. Nikarudi nayo.

Utauliza kwa nini. Mama yangu alifariki Januari 2016. Homa ilimkamata ghafla, siku mbili. Baba alikuwa kwako. Nilikupigia simu mpaka vidole vikauma. Alifika tumeshamzika, darubini iko shingoni, matope ya Ipole kwenye viatu. Hakuna aliyemsema. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tano na mimi ndiye niliyemwosha Mama pamoja na shangazi zangu. Nilinyamaza miaka minane. Halafu aliposema "njoo wewe, Ngollo", kitu kikaniambia: huyu safari hii hampati. Safari hii atakuwa wangu peke yangu.

Tarehe 16 aliuliza, "Amefika?" Nikamwambia njia imefungwa. Tarehe 17 akauliza. Tarehe 18 hakuuliza kwa maneno, aligeuza uso kuelekea mlangoni kila uliposikika mlio wa gari. Na huko kwako, siku hizo hizo tatu, wewe ulikuwa unatazama kila basi.

Baba mkubwa Sabiri alipoanza kukusema vibaya, nilimwacha akuseme. Mwaka mzima. Kila unapotajwa anasema, "Yule mla asali." Mimi namimina chai.

Ulivyonificha visiki vyako nilipiga kelele mpaka stendi. Vyangu nilikuwa navyo ndani ya kabati.

Sikuombi kitu.

Maua

*

Ipole
24 Februari 2025

Maua,

Marahaba.

Nimeupokea mwandiko wake, maana ingawa ni mkono wako maneno ni yake. "Haraka kidogo." Alikuwa mtu wa kupunguza kila kitu. Akiwa na njaa alisema ana njaa kidogo.

Nina hasira na wewe na nataka uijue. Baada ya kusoma nilikwenda mizingani nikasahau kuvaa wavu usoni. Kabula alinitoa miiba kumi na minne na hakuniuliza. Rafiki yangu aligeuza uso mlangoni na mimi nilikuwa masaa matatu tu kutoka pale.

Kisha nikajiuliza kwa haki. Ningeupata ujumbe ule, ningekuja? Ningekuja, hata kwa miguu. Na la kwanza ambalo angeniuliza ni wageni wangapi. Na mimi ningekaa kwenye ukingo wa kitanda chake, Maua, nimemshika mkono, na ningesema arobaini. Najijua. Ulininyima kumuona, na uliniepusha na uongo ambao nisingeweza kuubeba mpaka kaburini. Vyote viwili ni kweli na havifutani. Nimejaribu kuvitoa kimoja kutoka kwa kingine, hesabu haitoki.

Nikuambie ninachofanya sasa. Tangu uondoke natoka kila asubuhi kuwatafuta. Nimewapata. Wako kwenye kona ya kijito, shambani kwa Adriano, kijana wa miaka thelathini hivi, jirani yangu wa upande wa Sikonge. Ni kichaka kidogo, miti kama kumi na tisa. Asubuhi ya tarehe 22 niliona wa kijani saba na wa kijivu mmoja. Sikuongeza hata mmoja, ingawa penye majani mazito nilisikia sauti nyingine mbili. Sauti sikuiandika.

Adriano ana bani mbili na majani ya tumbaku yanaanza kuiva. Nilimkuta anapitisha mkono kwenye shina moja kama mtu anayepima ng'ombe wa kununua. Nikamwambia, "Usikate hapa." Akacheka kwa adabu. "Mzee Ngollo, shikamoo, lakini wewe huna cha kuniambia. Mahindi yako yako wapi? Si yamekaa juu ya kichaka?" Ana haki. Mimi ndiye niliyewafundisha vijana wa hapa kwamba inawezekana.

Ataanza kuwasha wiki ijayo. Nimempa kuni zangu za ng'ambo, akasema atafikiria. Hanisikii kwa sababu anasikia mtu anayekataza alichokifanya mwenyewe. Labda angemsikia mtu mwingine. Sijui. Sikuamrishi, na si lazima uwe umenisamehe ili uje.

Ngollo

*

Isevya
27 Februari 2025

Baba Ngollo, shikamoo.

Barua hii nitampa Fikiri mkononi na nitasubiri mpaka basi liondoke.

Jana baada ya sala ya alasiri nilikwenda kwa Baba mkubwa Sabiri. Nilimkuta barazani na wazee wenzake wawili. Nikasema naomba kuzungumza, wakataka kuinuka, nikawaambia wakae. Nilimtajia ule ujumbe wa Baba kutoka kichwani, neno kwa neno, kisha nikasema ulikaa kabatini mwangu na wewe hukuupata Baba akiwa hai. Baba mkubwa aliniuliza jambo moja tu: "Alikuwa anasubiri?" Nikasema ndiyo. "Siku tatu?" Nikasema ndiyo. Akavua kofia akaiweka gotini, akasema, "Ondoka kwanza, mwanangu. Nitakuita." Hajaniita. Nadhani itachukua muda, na siwezi kumharakisha.

Ya kwako sikumwambia, ni ya kwako kuyasema. Lakini nakushauri usichelewe, maana sasa anakusifu, na sifa hizo najua zitakuchoma kuliko matusi.

Ile arobaini na wawili nimeipiga mstari, sikuifuta, isomeke. Chini yake nimeandika: kona ya kijito, shamba la Adriano, tarehe 22 Februari, wa kijani saba, wa kijivu mmoja. Sauti mbili, hazikuhesabiwa.

Sijakusamehe. Nadhani na wewe hujanisamehe. Nimefunga duka, sare za watu zinangoja, na Jumamosi nashuka Ipole saa saba. Twende kwa huyo Adriano moja kwa moja, hata kabla ya chakula. Usimwambie habari za theluji wala za safari za ndege, atacheka tena. Nitaanza mimi. Nitamwambia nilichomfanyia baba yangu. Wewe utamwambia ulichomfanyia rafiki yako. Tutamwonyesha wale wanane juu ya mti. Halafu tunyamaze, tumwache yeye na shoka lake.

Binti yako,
Maua